Kabla hujatuma M-Pesa ya German Shepherd, ulizia nyonga

Ingia Facebook sasa hivi utafute mbwa wa kuuza Embu au Meru. Utakutana na picha ambayo umeshaiona mara mia: watoto wa German Shepherd wamejazana kwenye beseni, masikio bado yamelala, na chini yake maneno kama "pure breed, wiki nane, tunatuma kote nchini". Bei ni elfu kumi na tano, ishirini, hata arobaini kama muuzaji ana cheti. Mtu wa Kiambere anatuma nusu ya pesa kwa M-Pesa, mtoto wa mbwa anatiwa kwenye katoni iliyotobolewa matundu, anapandishwa matatu, anapitia Kiritiri, na jioni anashukishwa stejini. Biashara imeisha.

Tatizo ni kwamba mnunuzi hakuwaona wazazi wa huyo mbwa. Hakumwona hata mmoja. Na ukinunua mbwa wa damu safi, habari unayoihitaji iko kwa wazazi.

Usidhani hii ni stori ya watu wa Karen na Runda wanaobeba mbwa kwa mkoba. Huku Mbeere Kusini mbwa ana kazi. Mtu ana mbuzi, ana muguka shambani, ana ndengu zimeanikwa, na anajua mwizi haji mchana. Anapoamua kutoa elfu ishirini, anaiona kama kuajiri askari wa usiku. Sasa fikiria mbwa huyo amefikisha mwaka mmoja na nusu, umemlisha, umemchanja, halafu anaanza kuamka kwa shida kama mzee wa miaka tisini. Anakaa upande. Akikimbia anarukaruka kwa miguu yote miwili ya nyuma pamoja, kama sungura. Umepoteza pesa, umepoteza mlinzi, na uani kuna mnyama ambaye kila siku anaishi na maumivu.

Damu safi maana yake nini hasa?

Tuanze na hilo neno, kwa sababu ndilo linalouzwa. Aina ya mbwa ni kitabu kilichofungwa. Watu fulani wakati fulani walichagua mbwa wachache, wakaandika majina yao, wakasema: kuanzia leo, anayezaliwa na hawa tu ndiye wa kwetu. German Shepherd ana tarehe kabisa. Mwaka 1899 Mjerumani aitwaye Max von Stephanitz alimnunua mbwa mmoja, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, akamwandika nambari moja kwenye daftari la chama kipya. Horand na wanawe walitumiwa tena na tena kuzalisha. Huyo wa beseni kule Facebook, kama kweli ni German Shepherd, ni wa ukoo wa Horand.

Ukifunga kitabu unapata faida: mbwa wanafanana sura, ukubwa na tabia, na unajua unachonunua. Lakini unafungia ndani pia magonjwa waliyokuwa nayo wale wa kwanza, na kila kizazi ndugu wanazidi kukaribiana. Mwaka 2008 watafiti wa Imperial College ya London walipima hali hiyo kwa kutumia rekodi za mbwa wa Uingereza. Pug walikuwa takriban 10,000 nchini humo, lakini kwa upande wa jeni walikuwa sawa na kundi la mbwa 50 tu. Mwaka huohuo BBC ilionyesha filamu ya kufichua mambo hayo, Pedigree Dogs Exposed, na baadaye ikaacha kurusha maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts.

Kama jeni zinakuchanganya, achana na London, muulize mfugaji wa mbuzi hapo Kiambere. Yeye anajua kwamba beberu hakai zizini mpaka ampande binti yake mwenyewe. Anamuuza au anabadilishana na jirani, kwa sababu ameona mbuzi wanaanza kuzaliwa wadogo na dhaifu. Hakusoma hilo popote. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, au mtoto wake aliye na simu, atanunua dume mmoja wa German Shepherd na jike mmoja kutoka kwa muuzaji mmoja, pengine ni ndugu wa tumbo moja, awazalishe, kisha aandike "damu safi". Tunachokikataa zizini tunakilipia kwenye kibanda cha mbwa.

Ugonjwa usioonekana kwa wiki nane

Ugonjwa unaojulikana zaidi kwa German Shepherd, na pia kwa Rottweiler, Labrador na Boerboel, ni wa nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kukaa ndani ya tundu lake kama mchi kwenye kinu kinachoutosha. Kwa mbwa mwenye shida hii, kinu ni kifupi na mchi unacheza. Kila hatua ni msuguano. Mfupa unalika, kiungo kinavimba, na mwisho mbwa anapata baridi yabisi akiwa bado kijana. Madaktari wanaita displasia ya nyonga. Kuna ya viwiko vya miguu ya mbele pia.

Mambo matatu kuhusu ugonjwa huu yanafaa kukaa kichwani mwako.

La kwanza, hausababishwi na jeni moja. Ni jeni nyingi kwa pamoja, na malezi yanachangia: mtoto wa mbwa anayelishwa kupita kiasi akanenepa haraka anaziumiza nyonga zake zaidi. Kwa hiyo huwezi kupata ahadi ya asilimia mia kutoka kwa mtu yeyote. Unachoweza kupata ni wazazi waliopimwa, na hiyo inapunguza hatari kwelikweli.

La pili, mtoto wa wiki nane anaonekana mzima. Anaruka, anacheza, anakutafuna viatu. Dalili huanza kujitokeza akiwa na miezi kadhaa, na wengine mpaka wazeeke. Video ya watoto wakikimbia uani haikuambii lolote.

La tatu, kipimo ni eksirei. Mbwa anapewa dawa ya kumtuliza, analazwa chali, miguu ya nyuma inanyooshwa, anapigwa picha. Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya hupima German Shepherd akishafika mwaka mmoja. Marekani, shirika la OFA lililoanzishwa 1966 kwa ajili ya nyonga hizi hizi hutoa alama ya mwisho akiwa na miaka miwili. Maana yake ni rahisi: jike aliyezaa akiwa na miezi kumi na moja hakupimwa nyonga za kuaminika kabla ya kubeba mimba. Hakuna namna angeweza.

Halafu kuna magonjwa ya jeni moja inayojificha. German Shepherd wanaweza kubeba jeni ya ugonjwa wa uti wa mgongo unaoanza uzeeni, kwa kawaida baada ya miaka minane hivi, na kuipoozesha miguu ya nyuma polepole. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 2009. Mbwa mwenye nakala moja haumwi. Lakini ukiwakutanisha wawili wenye nakala moja moja, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi zote mbili na kuwa hatarini. Wazazi wazima kabisa kwa macho, watoto matatani. Hapo ndipo kauli ya "mama na baba hawajawahi kuugua" inapoisha nguvu.

Na kama unawaza kununua mbwa wa pua bapa, Pug au Bulldog, kumbuka unaishi wapi. Mbwa hujipooza kwa kuhema. Yule aliyefupishwa pua kwa kuzalishwa, njia yake ya hewa imebanwa hata penye baridi. Mlete bonde la Tana mwezi wa Februari saa nane mchana, ujionee. Hata kuzaa kwenyewe ni kazi: utafiti wa Uingereza uliotolewa 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa Bulldog ulikuwa wa upasuaji.

Cheti kinasema ukoo

"Lakini huyu ana cheti." Sawa. Kenya tuna East Africa Kennel Club, chama cha tangu zamani chenye makao Nairobi, ambacho huandikisha mbwa wa damu safi na kuandaa maonyesho. Cheti halali ni kitu kizuri. Kinakuambia mama ni nani, baba ni nani, na babu zao. Ukikisoma vizuri kinakusaidia hata kuona kama jina moja linajirudia pande zote mbili, yaani babu wa kwa mama ndiye babu wa kwa baba. Wengi hawasomi. Wanaangalia muhuri tu.

Cheti cha ukoo hakipimi nyonga. Ni kama kitambulisho chako: kinaonyesha wewe ni nani na umezaliwa wapi, lakini hakuna daktari atakayekisoma akuambie kama una kisukari. Muuzaji anayekujibu swali la afya kwa kukutumia picha ya cheti amekujibu swali lingine.

Mbwa "mshenzi" aliyewaokoa wenzake

Sasa sikia kisa cha huku kwetu Afrika, kwa sababu watu wengi wanadhani mambo haya ni ya mbwa wa wazungu.

Kuna mbwa anaitwa Basenji. Mdogo, mkia umejikunja, maarufu kwa kutobweka. Jina lake lisikilize vizuri: ni ndugu wa neno letu "washenzi". Ni mbwa wa kijijini wa Kongo na maeneo ya jirani, mbwa wa kuwinda, sampuli ileile ambayo wakoloni hapa Kenya waliidharau. Miaka ya 1930 Waingereza waliwachukua wachache, na mwaka 1937 wakawaonyesha Crufts, watu wakajaa kuwatazama. Wakapelekwa Marekani pia. Kitabu kikafungwa.

Mbwa ambaye kijijini alikuwa ameishi maelfu ya miaka bila daktari, akaanza kuugua. Kwanza ulikuja ugonjwa wa damu wa kurithi, chembe nyekundu zinavunjika na mbwa anakufa mapema. Wafugaji wakapima, wakawaondoa wote waliobeba jeni hiyo, na kundi ambalo tayari lilikuwa dogo likazidi kuwa dogo. Ukafuata ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambapo sukari na madini yanapotelea kwenye mkojo.

Wafugaji kadhaa wa Marekani wakafanya jambo ambalo watu wa damu safi huliogopa. Mwaka 1987 na 1988 walisafiri hadi Zaire, kaskazini mwa nchi, wakaenda vijijini kutafuta mbwa wapya, wasio na cheti wala daftari. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani, AKC, kikafungua kitabu na kuwaandika. Mwaka 2007 kikapatikana kipimo cha DNA cha Fanconi, na leo mfugaji makini wa Basenji hapandishi bila kukitumia.

Ona jinsi mambo yalivyogeuka. Yule asiye na karatasi ndiye aliyekuja kuwaokoa wenye karatasi. Na sayansi inaeleza kwa nini: mwaka 2009 watafiti walichapisha uchunguzi wa jeni za mbwa wa vijijini wa Uganda, Misri na Namibia, wakakuta wa Uganda wamebaki wa asili ya Kiafrika karibu kabisa, wakiwa na utajiri wa jeni ambao mbwa wa damu safi wameupoteza.

Basi tununue wa kienyeji tu?

Usikimbilie huko pia. Mbwa wa kienyeji anaumwa kichaa cha mbwa, parvo, homa ya kupe na minyoo kama mwingine yeyote, na asipochanjwa ni hatari kwa kijiji kizima. Halafu kuchanganya damu peke yake si dawa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya mbwa 27,000 na magonjwa 24 ya kurithi. Magonjwa 10 yalikuwa mengi zaidi kwa damu safi. Lakini 13 hayakuwa na tofauti, na hilo la nyonga lilikuwa mojawapo. Kwa hiyo chotara wa German Shepherd na mbwa wa kijijini bado anaweza kurithi nyonga mbovu kutoka kwa mzazi ambaye hakupimwa. Swali ni lilelile kwa wote: mzazi alipimwa?

Ila kama unachotaka ni mbwa wa kubweka usiku na kumtisha mwizi wa mbuzi, fikiria vizuri kama unahitaji manyoya mazito ya Ujerumani kwenye joto la Kiambere. Mbwa wa kienyeji aliyelishwa vizuri, akachanjwa na kufunzwa tangu mdogo, kazi hiyo anaiweza, na elfu ishirini yako inabaki.

Uliza haya kabla ya kutuma pesa

Ukishaamua ni damu safi, hakuna ubaya. Lakini uliza, tena kwa maandishi WhatsApp ili majibu yabaki.

Moja: naweza kumwona mama? Kama huwezi kufika, omba simu ya video, mama akiwa na watoto wake, akitembea na kuinuka kutoka chini. Anayekwepa hili, kwaheri.

Mbili: nyonga na viwiko vya wazazi vilipigwa eksirei lini, na kliniki gani? Omba picha yenyewe, yenye tarehe na jina au nambari ya mbwa. Bora zaidi nambari ya chipu iliyo chini ya ngozi, kwa sababu hiyo inaunganisha picha, cheti na mbwa yuleyule. Kisha pigia hiyo kliniki.

Tatu: mama ana umri gani, na hii ni mimba ya ngapi? Chini ya miaka miwili, au anazaa kila anapopata joto, hapo ni kiwanda.

Nne: mama na baba wana undugu gani? Swali hili huwashtua wengi. Anayejua kazi yake atajibu bila kusita.

Tano: watoto wa uzao uliopita wako wapi, na wana hali gani leo? Omba namba za wanunuzi wawili. Mbwa wa miaka mitatu anayetembea vizuri ni ushahidi kuliko picha kumi za beseni.

Sita: akigundulika na ugonjwa wa kurithi, utafanya nini? Mfugaji mwenye jina la kulinda anakubali kumrudisha mbwa, na anaandika.

Utaona pia kwamba mfugaji wa kweli atakuuliza wewe maswali: unaishi wapi, una ua, nani atamlisha? Usikasirike. Anayeuza bila kuuliza kitu anauza tu.

Na wewe unayeuza

Najua wasomaji wengi wa hapa mko upande wa pili. Kazi hakuna, na jike mmoja akizaa watoto saba, hiyo ni pesa ambayo mwalimu wa BOM anaisikia kwenye bomba. Sikuambii uache. Nakuambia soko hili linaendeshwa na imani, na imani ikivunjika inavunjikia kila mtu. Mnunuzi mmoja wa Kiritiri akizika mbwa wa elfu thelathini, kijiji kizima kinasikia, na wewe ambaye hukumuuzia ndiye utakayeambiwa "hao wa mtandaoni ni wezi".

Peleka wazazi eksirei. Nairobi kuna kliniki zinazofanya hivyo, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina shule ya udaktari wa wanyama pale Kabete. Ndiyo, ni gharama, lakini ni mara moja kwa kila mzazi, na unaigawanya kwa watoto wote utakaouza. Tafuta dume wa mbali, asiwe yule mmoja anayezunguka Embu nzima, maana miaka mitatu baadaye wajukuu wake watakuwa wanapandishana bila mtu kujua. Mwenye nyonga mbovu mfunge kizazi, hata awe mrembo namna gani. Kisha bandika hizo eksirei kwenye tangazo lako. Mwenye bei ya juu na ushahidi atapata mteja wake.

Usisubiri serikali. Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamshika anayempiga, kumtesa au kumnyima mnyama chakula. Kupima nyonga kabla ya kuzalisha haikugusi. Kwingine wamefika mbali. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba kuzalisha mbwa aina ya Cavalier King Charles Spaniel, ambaye moyo na fuvu vyake vimeharibiwa na undugu, ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama. Hapa kwetu mahakama ya mbwa, kwa sasa, ni mnunuzi na simu yake.

Kwa hiyo ukiona beseni lingine la watoto wa mbwa leo jioni, andika kwenye maoni swali moja tu: "Eksirei ya nyonga za mama iko wapi?" Wengi watakaa kimya. Mmoja akijibu kwa picha yenye tarehe, huyo mtafute.